Nilitia Mshumaa Ndani ya Pomadi ya Mtoto wa Rafiki Yangu

Admin, naomba jina langu lisionekane kabisa, maana rafiki yangu naye anafuata ukurasa huu.

Nina miaka 31, mama wa watoto wawili, naishi hapa Kolwezi. Mume wangu anaendesha lori, mimi nauza unga mlangoni pa nyumba. Ujumbe huu nimeuandika mara tatu na kuufuta mara tatu. Wacha niaibike kwenu kwanza, labda nitapata nguvu ya kuaibika mbele ya wenyewe.

Mtoto wangu wa pili alikuwa anaungua sana matakoni kwa sababu ya nepi. Mama yangu akanionyesha kupika pomadi ya nyumbani: mafuta ya mbegu za ngazi, yaani michikichi, na nta ya nyuki, basi. Unaweka bakuli ndani ya sufuria ya maji ya moto, nta inayeyuka polepole, unachuja kwa kitambaa safi, unamimina kikoponi, unaacha igande. Mtoto akapona. Nikampa jirani, naye akatangaza kanisani, nikaanza kuitwa Mama Pomadi. Mimi ambaye sikumaliza shule, wanawake wa ofisini waliosoma walikuwa wananivuta pembeni baada ya misa: "Mama, mtoto wangu ametoka vipele, nifanye nini?" Sitawadanganya, nilipenda sana.

Rafiki yangu, nimwite Mama Divine, alijifungua mtoto wa kike. Mume wake anachimba madini huko Mutoshi, anarudi amechoka, kwa hiyo mama yake alitoka Lubudi kuja kumsaidia mkamwana wake. Mama mzee mpole, asiyeweza kukaa bure. Nepi zote za vitambaa alifua yeye.

Mama Divine akaniomba pomadi. Nilikuwa nimeishiwa nta, wauza asali hawakuwa wameleta tangu mvua zianze. Ningesema tu, "Dada, nta imekwisha, ngoja." Maneno manne. Lakini nilikuwa nimeshaahidi mbele ya wanawake wengine, na Mama Pomadi anaishiwaje? Nikachukua mishumaa miwili ya dukani, nikaiyeyusha ndani ya mafuta. Ikanuka mshumaa. Nikatia matone ya marashi yangu ya Jumapili ili kufunika ile harufu. Ikaganda nyeupe, nzuri kuliko zote nilizowahi kupika. Mama Divine akainusa, akacheka: "Yoo! Hii njo ya kweli! Aksanti yaya!" Yaya kwetu ni dada mkubwa.

Siku ya nne ngozi ya mtoto ilikuwa nyekundu kama nyama mbichi, na malengelenge juu. Akikojoa, anapiga kelele mpaka anapoteza sauti. Na mama yake alivyoona hivyo akazidi kupaka, kwa sababu kitu cha asili hakidhuru.

Nilimsindikiza kituo cha afya. Nesi akamfunua mtoto, akaguna.

"Munamupaka nini huyu mutoto?"

"Hakuna kintu mubaya," Mama Divine akajibu. "Ni pomadi ya asili, yaya huyu njo anatengeneza."

Nesi akanigeukia. "Unatia nini ndani?"

"Mafuta na nta ya nyuki tu," nikasema. Halafu, bila mtu kuniuliza, nikaongeza: "Pengine ni mayi yenye banafulia bitambala. Si unajua mayi ya huku?"

Hapa kwetu, nani haogopi maji yanayopita karibu na migodi? Nesi alituambia tuache kila kitu, pomadi na sabuni ya harufu, tumwoshe kwa maji yaliyochemshwa, tumwache bila nepi apate hewa. Mama Divine yeye alisikia maji tu.

Tulipofika nyumbani alimfuata mama mkwe wake uani, mimi nimesimama hapo na mtoto mikononi.

"Mama, ulifulia wapi bile bitambala?"

"Ku bomba, mwanangu, kama siku zote."

"Bongo! Unanidanganya! Ulienda ku mutoni juu ya uvivu wa kupanga mulongo ku bomba! Uliniunguzia mutoto!"

Mama mzee akanitazama mimi, nadhani alitegemea nitamtetea. Nikajifanya nambembeleza mtoto. Kesho yake alifunga mizigo, akarudi Lubudi.

Na wiki ile ile mtoto akapona. Alipona kwa sababu pomadi yangu iliachwa, lakini kwa watu wote huo ndio ukawa ushahidi: bibi ameondoka, mtoto amepona. Tangu hapo mume wa Mama Divine hasemi na mke wake ila kwa lazima.

Juzi mama mzee alinipigia simu. Hakunilaumu hata kidogo. "Mwanangu, weye unajua mambo ya batoto. Uniambie kweli tu. Ni hii mikono yangu njo iliunguza mujukuu? Mi najua nilifulia ku bomba, lakini nimezeeka, pengine nilisahau." Alikuwa ameanza kujishuku mwenyewe! Nikasema, "Mungu anajua, mama," nikasingizia mtandao mbaya, nikakata.

Sasa Mama Divine ameniomba niwe mama wa ubatizo wa mtoto. Ni Jumapili ijayo. "Bila weye tungemupoteza," aliniambia huku amenishika mikono. Bibi hakualikwa.

Nikisema ukweli, nimempoteza rafiki, na hakuna mama kanisani atakayenipa tena mtoto wake nimshike. Nikinyamaza, nitasimama mbele ya padri nimembeba mtoto niliyemuunguza mwenyewe, na kuahidi kumlinda.

Ndugu zangu, nitukaneni kama ni lazima, lakini mkimaliza mnishauri. Nianze na Mama Divine hapa, au nipande gari niende Lubudi nikampigie magoti yule mama kwanza? Siku zimebaki tano.