Kwenda Bugala Kumtafuta Mwanamke wa Yusufu

Niliimwaga chai yao mezani. Mwenyekiti wa klabu ya mashua pale Luzira alikuwa amenikaribisha vizuri, hata sukari akaniwekea, na wakati ule sukari Kampala ilikuwa kama dawa. Kisha akaniambia niache kumtafuta mume wangu. Yusufu, alisema, walipokwenda matembezi ya mashua kisiwani Bugala, alibaki huko kwa hiari yake. Huenda kuna mwanamke. Wanachama wawili wakacheka chinichini. Nilishakwenda pale mara nyingi, mtoto mgongoni, na kila mara naambiwa ngoja. Nikachoka.

"Basi nipelekeni nikamwone huyo mwanamke," nikasema.

Jumamosi, alfajiri, nilimwacha mwanangu Zaituni kwa mama mkwe, Kibuli. Alikuwa bado ananyonya. Mama mkwe hakunizuia. Alinifungia mihogo ya kuchemsha, akageukia ukuta. Klabu ilikuwa inasafiri tena kwenda kulekule, na mwenyekiti alishindwa kunikatalia mbele ya wake za wenzake. Nikapandishwa mashua ya Wasswa, karani wa posta, aliyekuwa akisafiri na Yusufu siku zote. Siku ya chai yeye hakucheka.

Tulipoondoka Luzira, gereza kuu la pale lilikuwa nyuma yetu, na kila mtu akajifanya anaangalia upepo. Mashua zile ziliachwa na Wazungu na Wahindi walipoondoka, walimu na makarani wakazirithi, wakajifunza. Yusufu, mwalimu wa jiografia, alizipenda kuliko kula. Ndiye aliyenieleza desturi yao: mashua zikisafiri pamoja, mmoja anachaguliwa kuwa mchungaji. Kazi yake ni kusukuma mashua za wenzake majini, kuhakikisha hakuna aliyesahaulika ufukweni, ndipo naye apande, wa mwisho. Na wenzake hawapandishi tanga mpaka awe amepanda.

Kisiwani Kome tulilala. Matiti yalikuwa yamejaa, yananiuma hadi kwapani. Nikaenda nyuma ya mawe nikakamua maziwa ziwani, huku nikimtukana Yusufu na mwanamke wake mpaka sauti ikakauka. Sitaficha: nilikuwa nimeanza kutaka iwe kweli. Mume aliyenikimbia ni mume aliye hai.

Bugala tulifika mchana. Wanaume walibaki wakikunja matanga muda mrefu kuliko kazi yenyewe. Mimi nikapanda moja kwa moja kwa Nalongo, mama wa mapacha, anayewakaangia wageni samaki pale juu ya ufuko. Aliniuliza mimi ni nani. Nilipomjibu, akaacha kugeuza samaki.

"Nnyabo, mama yangu, wenzake wamekuambia nini?"

Nikamwambia nimekuja kumwona mwanamke wake.

"Hapa mwanamke aliyempa chakula ni mimi," akasema, "na mimi nina wajukuu."

Akaniketisha, akanieleza. Siku ile Yusufu ndiye aliyekuwa mchungaji. Alikuwa ameshawasukuma wenzake majini, amebaki peke yake, darubini ya klabu shingoni, wakati wanajeshi walipotua kwa boti ya injini. Waliiona darubini, wakasema ni jasusi. Mashua zilikuwa karibu tu, mtu akiita zinasikia. Na aliita. Ndipo matanga yakapanda, yote, yakaondoka, na wanajeshi wakamchukua.

Samaki alionipa walipoa mkononi mwangu. Nalongo hakunilazimisha kula.

Tukaanza kurudi. Maji yalikuwa yanaingia chomboni na mimi nikayachota, Wasswa akiwa kwenye usukani. Luzira ilipoanza kuonekana ndipo akafungua mdomo.

"Shemeji, nilisikia. Lakini nina watoto."

"Na Zaituni ni mtoto wa nani?"

Akalia. Nilimwacha alie. Kama alitaka nimwonee huruma, zamu yake ilikuwa bado.

Jumatatu nilikwenda polisi. Askari, mtu wa kaskazini, alinisikiliza hadi nilipotaja wanajeshi, akaweka kalamu chini.

"Mama, hii maneno ya jeshi iko mbaya. Mimi hapana andika."

Nikamwuliza kama raia wanaweza kushtakiwa. Akasema raia, hiyo ruhusa. Katika safari ile nilijifunza kwamba Yusufu hakuniacha, na kwamba walioona ni wengi na wote wanalala nyumbani kwao. Nikaomba karatasi, nikaandika mwenyewe, bila kulitaja jeshi. Askari alisoma polepole, akarudia sehemu moja, akanitazama. Halafu akagonga muhuri.

"Mimi, Hadija, mke wa mwalimu Yusufu, wa Kibuli, ninawashtaki wanachama wa klabu ya mashua ya Luzira. Walimwacha mume wangu ufukweni Bugala akiwa mchungaji wao, nao wanamsikia akiita. Wamenidanganya kwamba amenikimbia. Waliona ni nani aliyemchukua. Naomba waitwe mmoja mmoja, na kila mmoja aseme alichokiona."