Mtoto Aliyengojewa Uani

Mwalimu Faudhia alifika Kasulu mwezi wa Januari na feni. Feni ya kusimama, mpya, imeviringishiwa khanga mbili isikwaruzike, imetoka naye Kilindoni kule kisiwani Mafia, ikapanda boti, ikapanda mabasi, siku tatu njiani. Msimcheke. Mtu aliyezaliwa mahali ambapo usiku hata shuka linakera, angejuaje kwamba katika Tanzania hii hii kuna watu wanaolala na mablanketi mawili? Mwendesha bodaboda aliyempakia stendi aliitazama feni, akalitazama na tumbo lake la miezi minne, akasema, "Mwalimu, huku upepo hatununui."

Shule aliyopangiwa ilikuwa kijijini, kwenye barabara ya kwenda Manyovu, na chumba akapata uani kwa Mama Vestina. Huyu Vestina ni mwanamke wa miaka kama sitini, mwembamba, mrefu wa mikono. Alivuka kutoka Burundi wakati wa vita, akaja akaolewa na Mha wa hapa, sasa ni mjane na ni raia, na kitambulisho chake cha uraia anakihifadhi ndani ya Biblia. Analima maharage, anauza ndizi, maneno yake machache. Kwenye salamu tu ndipo hana haraka. "Mwakeye, mwalimu," atasema asubuhi, kisha atasimama hapo hapo akuulize ulivyolala, tumbo lilivyolala, na huko kwenu mama alivyolala, hata kama mvua inawanyeshea wote wawili. Wiki za mwanzo Faudhia alichelewa shule mara tatu kwa ajili ya kujibu salamu.

Mwanzo ulimtesa, tusidanganyane. Nazi pekee aliyoikuta sokoni ilikuwa imesafiri kuliko yeye, na alipoivunja ikamtolea harufu akaitupa. Mawese yalimkaa kooni. Udongo mwekundu ulimmaliza viatu. Watoto wa darasa la kwanza walimsemesha Kiha kitupu, naye akawa anatabasamu tu. Lakini alizoea. Kufika Aprili alikuwa anakula maharage ya mawese na kuomba aongezewe, na salamu ya Vestina alikuwa anaijibu yote, amesimama wima, bila kuangalia saa.

Jambo moja tu lilimshinda kuzoea, nalo ni kuzaa ugenini. Kwao, mimba ya kwanza inazaliwa kwa mama. Mama ndiye anayekuosha, anayekukanda kwa maji ya moto, anayekufunga tumbo, anayekaa nawe ndani siku arobaini, mtoto asipigwe na upepo wala jicho la mtu. Alishapanga kuondoka Mei. Mei ilipofika, muuguzi wa kliniki akampima presha mara mbili, akambonyeza miguu iliyovimba, akasema hakuna safari. Mama yake naye kule Mafia alikuwa anauguza bibi asiyeweza kuachwa hata siku moja. Mumewe, fundi wa mashine za boti, alikuwa tayari kuja, lakini mume atamkanda mzazi yeye?

Jioni ile Faudhia alikaa kitandani akalia kweli kweli. Kuzaa alikuogopa, ndiyo. Kilichomliza zaidi ni yale yanayofuata: kulala na kichanga katika chumba ambacho hamna mtu wake hata mmoja.

Vestina alimsikia ukutani. Asubuhi yake Faudhia alifungua mlango akakuta mzigo mzima wa kuni umepangwa pembeni, na alipouliza akajibiwa, "Za maji ya mzazi."

Mtoto alizaliwa wiki ya kwanza ya Juni katika kituo cha afya, msichana, salama salimini. Baba yake akampa jina kwa simu, Zuwena. Na tangu waliporudi nyumbani Vestina alihamishia mkeka wake chumbani kwa mwalimu. Alimwosha, alimkanda, alimnywesha uji wa ulezi mpaka akaomba aonewe huruma. Majirani walileta ndizi, walileta maharage mapya, mmoja akaleta jogoo. Vestina akambeba jogoo kwapani, akaenda naye hadi kwa mwenye duka Muislamu, akangoja achinjiwe, akarudi naye. "Ili mwalimu ale bila wasiwasi," alisema. Faudhia alikula nyama ile akificha uso. Alikuwa na watu, na alikuwa hajui tangu lini.

Siku ya saba jioni Vestina alifagia uani pote, akasema, "Kesho watakuja." Basi. Hakuongeza neno, kwa sababu huku hakuna asiyejua kesho ni siku gani. Faudhia alidhani ni wageni tu.

Kesho yake walikuja wanawake kama ishirini, wamevaa vitenge vyao vya kanisani, na vyungu vya chakula. Walitandika mikeka uani wakaketi wakiutazama mlango. Huku kwetu mtoto hukaa ndani siku saba, na siku ya nane anatolewa. Mama anatoka naye, wanawake wanampokea mkono kwa mkono, kila mmoja anamwombea neno lake, ndipo watu wanakula. Kuanzia hapo ni mtoto wa kijiji.

Vestina aliingia, akanyoosha mikono. "Tumtoe sasa, mwalimu. Wanamngoja."

Asubuhi hiyo hiyo mama yake Faudhia alikuwa amepiga simu, amemsihi: arobaini, mwanangu, hata mlangoni usisogee. Akamkumbatia mtoto. Angeweza kusema mengi. Angeweza kusema mama amenikataza. Lakini mtu akibanwa hutokwa na lile baya kuliko yote, na yeye lilimtoka kwa sauti, mlango ukiwa wazi, uani wote wakisikia: "Siwezi, mama. Kwetu mtoto haonyeshwi watu hivi. Macho ya watu yana mambo."

Vestina alishusha mikono taratibu, akatoka.

Walikula, kwa sababu chakula kilishapikwa. Walikula upesi bila maneno, wakakunja mikeka, wakaaga kwa adabu zote wakiwa wamesimama mbali na mlango. Usiku huo mkeka wa Vestina haukuwepo chumbani.

Kuanzia hapo uji ulikuja kila asubuhi na maji ya moto yalikuja kila jioni. Yaliwekwa kizingitini. Faudhia alisikia ndoo ikitua, akisema "Mama, karibu ndani," anajibiwa "Ahsante, mwalimu," na nyayo zinaondoka. Hakuna aliyemnyima kitu. Walimnyima nafsi zao tu. Alijikanda mwenyewe kwa jinsi alivyoweza, akamlaza Zuwena kifuani, na lile chozi la mwezi Mei likarudi na wenzake.

Siku ya kumi na mbili alikuja mwalimu mwenzake, Winifrida, Mha wa hapa hapa, mwanamke asiyejua kupindisha maneno. Alisimama mlangoni, akauliza, "Niingie, au na mimi macho yangu yana mambo?"

Faudhia alimweleza yote, analia. Mama, arobaini, hofu. Winifrida akamsikiliza, akaja akaketi kitandani.

"Kosa si arobaini," alisema. "Arobaini ungewaambia wangekuelewa. Umewaambia wana jicho. Tena umemwambia Vestina, katika watu wote. Unajua alizaa wapi huyu mama mara ya kwanza? Mwaka tisini na tatu, chini ya turubai, wiki mbili tu baada ya kuvuka mpaka. Mume alibaki kule, hakuonekana tena. Siku ya nane alijifunga kitambaa, akamvika mtoto, akakaa ndani ya turubai lile kutwa nzima anangoja mtu aje amtolee. Nani aje? Kila mtu alikuwa na msiba wake. Yule mtoto hakumaliza mwezi. Mpaka leo anasema alizikwa kama mtoto asiye na watu. Sasa huyu wako, tangu Mei, ndiye aliyekuwa anamwandalia uani."

Faudhia aliona haya mpaka masikio yakamuuma.

Kesho yake saa nne, jua likiwa limetoka lakini upepo bado una baridi, alimfunga Zuwena khanga juu ya blanketi, akapiga moyo konde, akatoka. Alipita nyuma ya nyumba hadi kwenye shamba la Vestina. Vestina alikuwa ameinama anang'oa maharage. Aliposikia majani akageuka, akaachia fungu zima likaanguka.

"Nani kakwambia utoke na baridi hii?"

"Nimemleta, mama. Nimekukosea sana. Mtoe wewe, hata sasa hivi, hata hapa."

Vestina alijifuta mikono kwenye kitenge, mbele na nyuma, tena na tena. Macho yake yalikuwa kwenye lile furushi. Alitaka sana mikono yake impokee yule mtoto, mtu yeyote angeona hilo. Akauliza, "Mama yako anajua?"

"Hajui. Sitamwambia."

"Basi hapana." Alisogea, akamfunika Zuwena uso kwa ncha ya khanga. "Mtoto hatolewi kwa kificho, mwana wanje, mwanangu. Mama yako amekuomba siku arobaini, naye yuko mbali, hana kingine anachoweza kukufanyia. Hizo siku ni zake. Twende ndani."

Alimshika kiwiko, wakarudi polepole, maharage yakabaki chini vile vile. Alipofika mlangoni Vestina alivua malapa, akaingia. Jioni mkeka wake ulikuwa mahali pake.

Usiku haujaingia sawasawa Faudhia akampigia mama yake, akamsimulia kila kitu, hata lile neno la macho, hata kutoka kwake. Faudhia alijua mama anatamani kumkaripia. Kisha mama akasema, "Huyo mama yupo hapo? Mpe simu."

Wale wanawake wawili walizungumza Kiswahili chao, mmoja wa Mafia, mmoja wa kuokota ukubwani, na nusu nzima ilikwenda kwenye salamu, kwa sababu Vestina ni Vestina. Mwisho ikasikika sauti ya Mafia ikisema: "Umenilindia siku zangu, dada yangu. Zikiisha, mkono wa kwanza uwe wako. Sina mwingine huko."

"Ego, ndiyo," alisema Vestina. Akamrudishia Faudhia simu, akageukia ukuta kama anayetafuta kitu.

Arobaini zilitimia katikati ya Julai. Winifrida alikuwa amepita nyumba kwa nyumba, na Faudhia mwenyewe alimwandikia kila mwanamke kikaratasi cha kuomba radhi, na asiyejua kusoma alisomewa. Walikuja wote. Vitenge vile vile, vyungu vile vile, mikeka ikatandikwa. Faudhia akasimama ndani ya mlango, akamweka Zuwena mikononi mwa Vestina, naye Vestina akavuka kizingiti, akasimama juani.

Kwa desturi aliyemtoa humwombea mtoto neno moja, kisha humpitisha kwa mwenzake. Vestina hakuomba neno, wala hakumpitisha. Alisimama tu anamtazama mtoto, na mtoto anakunja uso kwa mwanga. Wanawake wakangoja. Mmoja akakohoa. Winifrida, na mdomo wake, akanyoosha mikono akasema, "Haya mama, na sisi tupe basi."

"Ngojeni kidogo," alisema Vestina. "Mimi nimengoja tangu tisini na tatu."

Winifrida akarudisha mikono yake. Hakuna aliyemharakisha tena. Faudhia aliingia ndani, akatoka na kigoda, akakiweka nyuma ya Vestina pale juani.

"Kaa, mama," alimwambia. "Mshike tu."