Mzee wa Mezani Alipoitikia Salamu

Jamani, chekeni tu, maana aibu hii nimeshaizoea, mpaka leo wauza karanga wa pale nje ya hospitali wakiniona wananiuliza nakimbilia wapi.

Nilikuwa daktari wa mafunzo hapa Morogoro (koti jeupe, kalamu mfukoni, majivuno tele), na bibi yangu wa Kinole alikuwa na goita iliyomjaa shingo, akilala chali anakosa pumzi. Upasuaji aliuogopea kitu kimoja tu, sauti. Bibi ndiye anayeongoza nyimbo kwenye ngoma za mwali, na alishasikia kuna mtu alipasuliwa shingo akabaki ananong'ona. Nikamwambia asihofu, nitakuwemo humo ndani, shingo nimeikariri yote. (Nilikuwa nimeikariri kwenye simu, ile ya kuchorwa.)

Dokta Rehema, bingwa wetu, habari za simu hakuzitaka. Akasema anayetaka kumsaidia kupasua kule tiata aende kwanza chumba cha anatomia, achane shingo ya maiti autafute mshipa wa fahamu unaoendesha sauti, maana umejibanza nyuma ya tezi ya shingo, ni mwembamba, na haukai sawa kwa kila mtu. "Yule mzee wa mezani ni mwalimu wenu," akasema, "ingieni kwa adabu."

Basi mimi mtoto wa mlimani, niliyelelewa kwa viboko vya salamu, nikawatangulia wenzangu wakiwa bado wanavaa glavu, nikaona mzee wa watu kalala mezani na mvi zake, nikaona nikimpita hivi hivi nitakuwa sina adabu, nikainama kidogo nikasema shikamoo mwalimu.

"Marahaba," ikajibu sauti nzito kutoka pale pale mezani.

Sikungoja aniulize habari za nyumbani. Nilitoka na aproni, glavu na kisu mkononi (kisu ndicho kilichoniponza), nikaibukia kwenye mabenchi ya wagonjwa nikipiga kelele kwamba ameitikia, ameitikia, na watu kumwona daktari anakimbia na kisu hawakuuliza nani kaitikia nini, wakaondoka nao, babu mmoja akabeba magongo yake kwapani akatupita sote. Mlinzi akanidaka getini. Nyuma akaja mhudumu wa kile chumba, mzee na tambara lake, akihema, akieleza kwamba alikuwa ameinama nyuma ya meza anapiga deki, akasikia kijana anamwamkia, sasa asiitikie?

Kwenye benchi alikuwa amebaki mtu mmoja tu, asiye na pumzi za kukimbilia. Bibi yangu, amekuja kupangiwa siku ya upasuaji.

"Mume wangu," akasema taratibu, "maiti imekushinda, mimi niliye hai utaniweza?"

Akajifunga kanga vizuri, akasema anarudi Kinole. Hapo nilitaka kulia, maana nilijua ile goita itamnyonga.

Dokta Rehema akamwomba asubiri kidogo, mimi akanirudisha kwa mzee wa mezani. Nikachana, nikaondoa mafuta, nikakata na kiuzi kimoja nilichokiona kama takataka. Dokta akainama, akakitazama.

"Hapo bibi yako ameshanyamaza," akasema.

Kwenye simu ule mshipa ulikuwa wa manjano, unang'aa. Huu ulikuwa na rangi ya nyama tu. Nikahamia upande wa pili wa shingo, nikashinda kwa yule mzee mpaka nikaupata mzima, na Dokta mwenyewe akaenda kumweleza bibi kwamba mjukuu wake amekosea kwa marehemu ili asikosee kwake. Bibi akaguna, akakubali.

Siku ya siku mimi nilishika vyuma vya kutanulia kidonda tu. Dokta akaniuliza mshipa uko wapi, nikamwonyesha, akaukwepa. Lakini sauti huijui mpaka mtu azinduke, na bibi alipofumbua macho nikasema kwa woga, shikamoo bibi.

Kimya. Ananitazama tu. Machozi yakaanza kunitoka.

"Marahaba," akaitikia, sauti inakwaruza kidogo lakini wodi nzima ikageuka. "Sasa mbona hukimbii?"

Yule mzee wa mezani bado namwamkia kila nikiingia, sitaacha. Ila siku hizi nachungulia kwanza nyuma ya meza.