Mwalimu Makaratasi na Pigo la Kweli

Wanafunzi walimwita Mwalimu Makaratasi, na jina likamganda. Kwa miaka kumi na tisa alifundisha Kiingereza katika sekondari moja ya kutwa, yenye madarasa manane na mabati yanayolia jua likipanda, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kupewa vitabu vya tamthilia vya kutosha hata robo ya darasa. Kidato cha tatu kilikuwa na wanafunzi sitini na wawili na vitabu kumi na kimoja. Kati ya hivyo, vitatu vilikuwa vimechanika kurasa za mwisho, na waliovipata walimaliza mwaka bila kujua nani alikufa.

Mwalimu mwingine angekunja mikono. Yeye aliokota kalenda za zamani, akageuza upande mweupe, akanakili maneno ya kila mhusika kwa kalamu nene na kuyakata vipande. Mwanafunzi alipata maneno yake tu, pamoja na maneno matatu ya mwisho ya anayemtangulia, ili ajue lini aingie. Usipomsikiliza mwenzako, umekwama mbele ya watu sitini, na watu sitini hawana huruma. Kwa masomo ya kuandika alikuwa na kadi alizokata kwenye maboksi: nyekundu zenye hisia, za bluu zenye vitendo. Unavuta "woga", unavuta "anafunga mlango", unaandika ukurasa mmoja wa Kiingereza. Vyote hivyo, pamoja na panga za mbao na simu ya mezani iliyokufa zamani, alivihifadhi kwenye kabati la chuma nyuma ya darasa, na ufunguo aliuning'iniza shingoni.

Somo lililowashangaza wageni lilikuwa la kupigana. Tamthilia nyingi zina ugomvi, na hakutaka mtoto arudi kwao bila jino. Kwa hiyo alikuwa na kanuni. Mnatazamana machoni kwanza. Mkono unapita shubiri nzima mbele ya uso. Sauti ya kofi anaipiga mtu wa tatu, kwa viganja vyake, pembeni. Na anayepigwa ndiye anayeongoza: asipotikisa kichwa kukubali, hakuna pigo. Akitaka kusimamisha igizo, alipiga kelele moja, "Ganda!" na darasa zima lilibaki mguu juu, mdomo wazi.

Hakumwambia mtu alikoyatoa hayo. Baba yake alikuwa mpigaji. Mama yake aliishi miaka ishirini na minane akiwaambia majirani kwamba ameteleza bafuni, amejigonga mlangoni, ameanguka ngazini, na nyumba yao haikuwa hata na ngazi. Siku mwalimu alipoona igizo kwa mara ya kwanza, akiwa msichana wa kidato cha kwanza, alimwona mwanamke akipigwa hadi akaanguka, kisha pazia likashuka, likapanda, na yule mwanamke akasimama na kucheka. Alilia kwa furaha mpaka dada mkuu akamtoa nje.

Shule ilikuwa na mwalimu wa nidhamu. Huyu alikuwa mtu wa miraba minne, na hakushika fimbo: alitembea na kipande cha bomba la maji, la plastiki nyeusi, urefu wa mkono. Wanafunzi walimwita Bomba. Yeye alidhani wanamsifu, na alikuwa akitabasamu akilisikia. Aliwachapa wachelewaji getini kila asubuhi, wavulana na wasichana, kwenye mapaja na mgongoni, na aliwachapa zaidi waliolia. Mwalimu Makaratasi alikwenda kwa mkuu wa shule mara nne kumlalamikia. Mara zote nne mkuu alimpa kiti, akamsikiliza, akasema, "Tutaliangalia hilo, mwalimu wangu."

Jumanne moja, kipindi cha nne, makundi yalikuwa yanaonyesha maigizo waliyoandika wenyewe. Kazi ilikuwa kuandika juu ya kitu wanachokijua. Kundi la msichana mmoja waliyemwita Kinanda, kwa sauti yake, lilikuwa limeandika juu ya mlinzi wa soko anayewapiga wauza mboga wakichelewa kufungua meza. Mlinzi aliigizwa na Kifaru, kijana mrefu wa kiti cha nyuma, mpole kuliko jina lake. Mkononi alishika gazeti lililokunjwa. Gazeti alikuwa amelipaka masizi, likawa jeusi.

Mwalimu alipoliona lile gazeti alijua. Alisita kidogo, mkono kwenye ufunguo wake. Kisha akasema, "Haya, endeleeni."

Kifaru alitembea kama Bomba, tumbo mbele, akipiga gazeti pajani. Darasa lilikufa kwa kicheko. Na kicheko ndicho kilichomleta mwenyewe. Alikuwa anapita barazani. Akasimama dirishani, akatazama, akaingia.

"Nani ameandika upuuzi huu?"

Kinanda akasimama. "Mimi, mwalimu."

"Na huyo mlinzi ni nani?"

"Ni mlinzi tu, mwalimu."

Mtu mmoja nyuma alishindwa kujizuia, kicheko kikamponyoka puani. Bomba alinyanyua mkono. Pigo la kwanza lilimwangukia Kinanda begani. La pili lilimpata sikioni, na msichana alizunguka mara moja, taratibu, kama mtu anayetafuta nani amemwita, kisha akaanguka juu ya dawati. Damu ilitoka sikioni ikashuka kwenye kola nyeupe.

"Mwalimu mwenzangu, acha! Hili ni darasa langu!"

"Nyamaza, wewe na makaratasi yako. Ndiyo haya unayowafundisha?"

Akaendelea. La tatu, la nne, mgongoni, msichana akiwa amelala kifudifudi. Mwalimu Makaratasi akaruka kati yao, akaweka mkono wa kulia. Pigo la tano liliushukia mkono huo juu ya kifundo, na wote waliokuwa mbele walisikia mfupa ukikatika. La sita likampata palepale. La saba likampata shavuni, kwa sababu alikuwa ameinama kuutazama mkono wake, ambao sasa ulikuwa na kona pasipotakiwa kona.

Hapo Kifaru aliweka gazeti chini. Alishika dawati bovu, akavunja mguu wake wa mbao kwa teke moja, akampiga Bomba mdomoni.

Mengine yalikwenda upesi. Darasa zima liliinuka kana kwamba sakafu imepata moto. Walimwangusha, wakamburuta kwa miguu hadi barazani, kichwa kikigonga kizingiti. Madarasa mengine yalimwagika nje. Wasichana waliokuwa wakichapwa tangu kidato cha kwanza walimpiga kwa viatu. Mtu alileta jiwe, kisha mawe yakawa mengi. Na sauti moja, ambayo hakuna aliyekiri baadaye kuwa yake, ikasema, "Muueni!"

Mwalimu Makaratasi alipenya akisukuma kwa bega. "Gandeni!" alipiga kelele. "Ganda! Ganda!" Hakuna aliyeganda. Bomba alikuwa amejikunja, taya limekaa upande, macho yake yamegeuka ya mtoto. Mwalimu hakumwonea huruma. Alisema hivyo baadaye bila kuficha. Lakini aliwaona wanafunzi wake, nyuso alizozijua mwandiko kwa mwandiko, na akaona kwamba dakika mbili zijazo zitawafanya wauaji maisha yao yote. Akalala juu ya yule mtu. Jiwe moja likampata mgongoni, jingine likampasua juu ya jicho, damu ikamfumba. Alipolifumbua jicho jingine alimwona Kifaru amesimama juu yake, ule mti wa dawati umeinuliwa kwa mikono miwili.

Walitazamana.

"Toka, mwalimu," kijana alisema, akilia. "Toka nimmalize."

"Sitoki."

"Mwalimu, toka!"

"Mwanangu, sitoki."

Mti ulibaki hewani muda mrefu. Kisha aliutupa kule majanini, akakaa chini barazani, akajifunika uso. Wengine walimwona amekaa, nao mikono ikawalegea mmoja mmoja.

Hospitalini walimfunga mwalimu plasta mpaka juu ya kiwiko na kumshona nyuzi tisa. Mama yake, ambaye sasa alikuwa bibi wa miaka sabini na kitu na aliishi naye, alikuwa amekaa kando ya kitanda mkuu wa shule alipoingia na karatasi ya taarifa.

"Pole sana, mwalimu wangu. Nimekuandikia tayari, uweke sahihi tu. Sakafu ilikuwa na maji, ukateleza. Ghasia za wanafunzi ni jambo jingine, tutawashughulikia. Unajua heshima ya shule."

Mwalimu alikuwa amechoka, na dawa zilimzungusha kichwa. Huenda angesaini. Bibi ndiye aliyenyoosha mkono, akaichukua ile karatasi, na kwa kuwa hakujua kusoma, akauliza, "Wameandika nini hapa?"

"Kwamba ameteleza, mama."

Bibi aliikunja mara mbili, akaichana. "Katika nyumba yetu tumeshateleza vya kutosha," alisema. "Huyu hakuteleza."

Mkuu aliokota vipande, akaondoka. Kesho yake aliamuru kabati livunjwe. Kadi, vipande vya kalenda, panga, vyote vilirundikwa nyuma ya vyoo na kutiwa moto, kwa jina la vifaa vya uchochezi. Mfagizi wa shule alikuja hospitalini kumweleza, akilia kama aliyefiwa. Mwalimu alimsikiliza mpaka mwisho, akageukia ukuta.

Kamati ya uchunguzi ilikuja juma lililofuata, watu watatu kutoka ofisi ya elimu. Mkuu aliwaambia kwamba igizo ndilo lililochochea ghasia. Bomba, taya limefungwa waya, aliandika kwamba alishambuliwa na wahuni alipokuwa akipita. Mwalimu Makaratasi alifika mkono shingoni, akasema hana maelezo marefu.

"Waulizeni wanafunzi. Lakini msiwaulize kwa mdomo, mtasikia kelele. Wapeni karatasi, kila mmoja peke yake."

Mwenyekiti wa kamati, mama mmoja mwenye miwani minene, alimtazama. "Wataandikaje kitu cha maana, watoto hawa?"

"Wataandika walichoona. Nimewafundisha hivyo. Nani, wapi, mkono upi, mara ngapi. Wanachofikiri waniachie mimi."

Waliandika saa moja na nusu, bila kuzungumza. Karatasi sitini na moja, maana Kinanda alikuwa bado amelazwa. Kiingereza cha wengine kilikuwa kinachechemea vibaya, lakini hesabu ilikuwa moja: mapigo saba, manne kwa msichana, matatu kwa mwalimu, la pili sikioni. Mwenyekiti alisoma mpaka miwani ikamfanyia ukungu. Bomba alifukuzwa kazi, akapelekwa mahakamani, akafungwa. Mkuu alihamishiwa ofisini, mahali pasipo na watoto.

Karatasi moja ilileta msiba. Kifaru naye alikuwa ameandika alichoona, na alichoona zaidi ni mikono yake mwenyewe. "Nilimpiga kwa mguu wa dawati mara tatu," aliandika. "Pigo la kwanza lilikuwa kwa ajili ya msichana. Mengine mawili yalikuwa yangu. Nilitaka afe." Wengine wote walikuwa wameandika kwamba hawakuona nani aliyempiga Bomba. Kamati haikuwa na njia. Wakamfukuza shule yeye peke yake.

Mwalimu alikwenda kwa kina Kifaru. Mama wa kijana alikuwa fundi cherehani, na alikuwa anashona sare za shule, za shule ileile. Alipomwona mgeni mlangoni aliinuka, akamsogelea, akampiga kofi la kweli, kwenye shavu lililokuwa bado na alama.

"Wenzake wote wamekana. Wote! Wako darasani. Ungemfundisha uongo kidogo, mwalimu. Kidogo tu!"

Mwalimu alisimama hapo mlangoni, shavu linawaka, mpaka yule mama mwenyewe akamsogezea kiti.

"Nitamfundisha mwenyewe," mwalimu alisema mwishowe. "Kila siku baada ya kazi. Atafanya mtihani bila shule."

"Masomo yote?"

"Kiingereza mimi. Mengine nitawaomba walimu wenzangu. Watakaokataa nitawakera mpaka wakubali."

Akamfundisha mwaka na nusu, kwenye meza ya kukatia vitambaa. Kifaru aliandika vizuri, lakini igizo hakutaka kuligusa tena. Akiombwa asome maneno ya mhusika kwa sauti, alifunga kitabu. Alifaulu Kiingereza, akaanguka hesabu, akaenda kujifunza uchomeleaji vyuma. Siku nyingine anamwamkia mwalimu kutoka ng'ambo ya barabara. Siku nyingine anajifanya hakumwona, naye humwacha.

Kinanda hasikii sikio la kushoto. Mkono wa mwalimu uliunga vibaya, na mwandiko wake ubaoni unapanda kama ngazi. Kabati lilibaki tupu muhula mzima. Kisha asubuhi moja mwenyekiti wa kamati, yule mama wa miwani, alifika shuleni bila taarifa. Kwapani alikuwa na mafungu mawili ya kalenda za ofisi za mwaka uliopita, yamefungwa kwa kamba. Aliyaweka juu ya dawati la mbele, akauliza kama anaweza kukaa nyuma asikilize kipindi.