Ukoo Wetu Safi

Juzi hospitalini hapa Moshi niliketi benchi moja na mama aliyemleta binti yake, anayeharisha damu mwezi hadi mwezi. Daktari anayetafiti kwa nini kinga ya mwili hugeuka kuutafuna utumbo, na kama jambo hilo hurithiwa, akauliza, "Mama, kwenu yupo mwingine?"

Mama akamfinya binti goti. "Hakuna, daktari. Ukoo wetu safi."

Daktari alipotoka, binti akanong'ona, "Na shangazi je? Na babu?"

"Nyamaza! Dada yako anachumbiwa."

Kwetu mlimani hakuna posa isiyotanguliwa na upelelezi wa ukoo. Namwelewa mama, na hilo ndilo linalonisikitisha. Harusi itafana. Siku mjukuu akianza kuharisha damu, tutarudi benchi lile lile kulalamika kwamba madaktari hawajui kitu.