Umeme Ulikatika, Dagaa Wakabaki

Juzi, kwenye steshenari moja ya Kasingirima, mama muuza dagaa wa Kibirizi alikuwa ndiyo kwanza ameiweka mtandaoni tovuti aliyojifunza kuitengeneza mwenyewe. Umeme ukakatika.

"Pole, mama! Kazi yako yote imekwenda na umeme," akacheka bwana mmoja kati yetu wateja tuliokuwa tukisubiri huduma.

Mama akafuta vidole kwenye kanga. "Iliyozimika ni kompyuta hii, baba. Tovuti inakaa kwenye kompyuta nyingine, mbali huko."

Akafungua simu, akatuonyesha. Dagaa wake waling'aa, jina lake juu.

"Kila mstari nimeuandika mimi."

Simu ikapita mikononi mwetu. Yule bwana ndiye aliyechelewa kuirudisha. Nami nikamkumbuka marehemu mke wangu, aliyeanika dagaa palepale Kibirizi. Nikasema alhamdulillah, kisha nikalirudia neno hilo kwa niaba yake.