Kipande Nilichokisafisha

Mvua ya kwanza inapogonga vumbi jekundu, watu huvuta harufu yake wakatabasamu. Mimi hufunga dirisha. Harufu hiyo hunirudisha kijijini kwetu, upande wa Chemba, mwaka ule mama alipokubali shamba letu la mteremkoni lisilimwe tena. Chini yake kulikuwa na korongo, na karibu na ukingo wa korongo kulikuwa na kaburi la baba. Kila msimu wa mvua ukingo ulisogea. Bwana shamba alituambia tuache nyasi ziote na visiki vichipue, maana udongo ulio uchi hauna wa kuushika. Mama alilitazama kaburi, akalitazama jembe, akasema, "Haya. Tutabanana na kile kishamba cha bondeni."

Tukabanana kweli. Uwele ulipungua ghalani, ugali ukawa mdogo kuliko mlenda wake. Lakini kilichoniuma kuliko njaa ni maneno ya watu. Kwetu, shamba la mtu mwenye bidii huwa jeupe kabla ya mvua: visiki vimeng'olewa, majani yamechomwa. Letu lilikuwa na nyasi za magotini, na wapita njia wakaliita shamba la mjane mvivu. Nilikuwa binti wa miaka kumi na moja mwenye hasira za karibu. Siku moja mama alipokwenda mnadani, nilichukua jembe nikasafisha kipande cha kando ya njia, kutoka juu mpaka karibu na kaburi. Niling'oa kila chipukizi, kisha nikafagia. Niliona fahari, nakiri. Mama aliporudi aliuliza, "Nani kakutuma, mwanangu?" Nikamjibu, "Wanakuita mvivu, mama." Akaketi chini palepale, na mtama aliotoka kununua bado uko kichwani.

Mvua ilikuja siku ya tatu, mchana. Maji yaliyopita kwenye nyasi yalishuka taratibu, karibu meupe. Ya kwenye kipande changu yalishuka mekundu, kwa kishindo. Yalipokauka, korongo lilikuwa limepanda likifuata njia niliyolitengenezea, na pale alipolala baba palikuwa na shimo. Wahenga walisema mwiba wa kujichoma hauambiwi pole. Mama aliniambia pole. Afadhali angenichapa.

Leo naishi Nzuguni. Kule nyumbani miti imeshikana, nyasi zimeteremka hadi ndani ya korongo, na maji ya mvua hayana tena haraka. Mama, sasa mzee, hukata majani ya ng'ombe pale tulipokuwa tukivuna uwele. Hapa mjini kila mtu hufagia uwanja wake mpaka ung'ae, isipokuwa mimi. Jirani hunitania, "Mama, utafuga nyoka! Uvivu gani huu?" Namwambia kweli, mimi ni mvivu, naye hucheka. Laiti ningelivumilia neno hilo nikiwa na miaka kumi na moja, baba angekuwa bado na kaburi.